Njia Imesonga

Maneno haya niliyasema mbele ya wanachuo wa ualimu wa lugha, wiki moja kabla hawajatawanyika kwenda mazoezi ya kufundisha. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Pale mvua ilipopiga juu ya bati tusisikilizane, nimerudia kwa kirefu kidogo.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, nanyi wanangu mnaokwenda kushika chaki. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambaye hajaguswa na hata moja kati ya hizo, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya maadili ya mwalimu. Mada hiyo mmeisikia sana, na nyaraka zake mnazo. Mimi ni mwalimu wa lugha, basi naomba niifikie kwa kupitia msemo mmoja tu wa Kiingereza, ambao mtaufundisha mtake msitake: "the straight and narrow".

Nianze na daftari. Miaka mingi nyuma nilikuwa nasahihisha kazi za kidato cha tatu. Niliwapa sentensi kumi wazitafsiri, na mojawapo ilisema, "Since he left prison he has kept to the straight and narrow." Wengi waliiruka. Binti mmoja akaandika: "Tangu atoke jela amebaki kwenye nyoofu na nyembamba." Nilikuwa nimeshainua kalamu nyekundu nimkosoe, mkono ukasita. Hakuandika "mwembamba". Hakuandika "pembamba". Aliandika "nyembamba". Kesho yake nikamwita mezani nikamwuliza, nyembamba nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Njia, mwalimu. Si iko hapo?"

Haikuwapo. Kiingereza kilikwisha kuimeza nomino zamani, vikabaki vivumishi viwili vinaning'inia hewani, na Mwingereza haoni tabu. Lakini Kiswahili hakikubali kivumishi kisicho na mwenyewe. Ngeli inadai. Yule mtoto, bila kufundishwa na mtu, aliirudisha njia mahali pake kwa silabi moja tu mwanzoni mwa neno. Nilimpa alama yake, na tangu siku ile nimekuwa nikiufuatilia msemo huu kama mtu anayefuatilia ukoo wake.

Maana yake ya leo si ngumu. Ni kuishi kwa uadilifu, kutovunja sheria, kujiweka mbali na mambo ya aibu. Ila sikilizeni unasemwa juu ya nani. Humsikii Mwingereza akimwambia bibi kizee mcha Mungu kwamba yuko "on the straight and narrow". Unasemwa juu ya mfungwa aliyetoka, mlevi aliyeacha chupa, kijana aliyetolewa kwenye kundi baya. Sisi tungesema ametulia, amejirekebisha, amerudi kwenye mstari. Ni sifa, lakini ni sifa yenye jicho la pembeni: tunakusifu, na bado tunakuangalia. Shikeni hilo, nitalirudia.

Asili yake iko kwenye Injili ya Mathayo, sura ya 7, mwishoni mwa ile Hotuba ya Mlimani. Tafsiri yetu ya Muungano, ile ya mwaka 1952, inasema hivi: "Ingieni kwa kupitia mlango ulio mwembamba; maana mlango ni mpana, na njia ni pana iendayo upotevuni, nao ni wengi waingiao kwa mlango huo. Bali mlango ni mwembamba, na njia imesonga iendayo uzimani, nao waionao ni wachache."

Habari ya njia mbili haikuanzia hapo. Nabii Yeremia alikwisha kuwawekea watu njia ya uzima na njia ya mauti. Kwa Wayunani, mshairi Hesiod, kama miaka 700 kabla ya Kristo, aliandika kwamba njia ya uovu ni laini na makazi yake yako karibu, ila mbele ya wema miungu wameweka jasho. Watu wa kila mahali wamekuwa wakiiona tabia ya mtu kama mahali anapopita, na sisi tunasema ameacha njia, amepotea, ameongoka.

Sasa mkienda kwenye Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James, mtasoma: "strait is the gate, and narrow is the way". Tazameni tahajia. S-t-r-a-i-t. Hakuna "gh". Si lile neno la "kunyooka" mnalolijua. Ni neno jingine kabisa, lenye baba mwingine na mama mwingine, na hapo ndipo kisa chote kilipo.

"Strait" lilitoka Kifaransa cha kale, na Kifaransa kililitoa kwenye Kilatini "strictus", yaani kilichokazwa, kilichofungwa kwa nguvu. Ndugu zake ni wengi. "Strict", asiyelegeza kamba, ni wa ukoo huo. "Straitjacket", lile koti la kumfunga mtu mikono asiweze kujitikisa, ni wa ukoo huo. Mabaharia nao wanaita "strait" pale bahari inapobanwa kati ya nchi na nchi, kama Gibraltar au Hormuz. Sisi mahali kama hapo tunapaita mlango wa bahari. Na Mwarabu vilevile: Bab el Mandeb, pale Bahari ya Shamu inapotokea Ghuba ya Aden, "bab" ni mlango. Mlango na mbano vimeshikana kwa watu wa bahari, wala hawakuhitaji mahubiri kuvishikanisha. Aliyewahi kupita mahali hapo na chombo anajua kwamba maji yaleyale yaliyokuwa mapana jana, leo yanakimbia kwa nguvu kwa sababu yamebanwa.

"Straight", lenye "gh", ni la Waingereza wenyewe tangu kale. Ni tendo lililogeuka kuwa sifa: linatokana na kitenzi "stretch", kuvuta, kunyoosha. Kilichovutwa mpaka kikaacha kupinda ndicho "straight".

Hili nililiona kwa macho kabla sijalisoma kitabuni. Jirani yangu alikuwa akijenga, na mimi jioni nilikuwa nikikaa barazani na madaftari yangu. Fundi mwashi alikuwa mtu mzima kidogo, mwembamba, haongei sana. Kila alipoanza kozi mpya ya matofali alipigilia msumari pembe hii, msumari pembe ile, akafunga uzi, akauvuta. Akiuvuta mara ya kwanza ulikuwa bado una tumbo katikati. Akafungua, akajizungushia kidoleni, akavuta tena mpaka ukawa mgumu, kisha akaugonga kwa ncha ya kucha. Ukilia, umenyooka. Ukinyamaza, bado. Ndipo alipoweka tofali. Uzi ulinyooka kwa kuwa ulikuwa umevutwa pande mbili, na siku ulipokatika ulirudi chini kama nyuzi nyingine zote. Huyo fundi nitarudi kwake.

Basi zamani maneno haya mawili hayakuchanganyika mdomoni. Ile "gh" ilikuwa na sauti yake, ya kooni, jirani na "kh" ya Khamis. Ukisema moja, hakuna atakayedhani umesema jingine. Polepole ile sauti ikafifia, na katika karne za 16 na 17 watu wengi wa London wakawa hawaitamki tena. "Strait" na "straight" yakawa pacha masikioni. Na tahajia siku zile haikuwa na askari wa kuilinda, kila mtu aliandika alivyosikia.

William Tyndale, aliyelitafsiri Agano Jipya kutoka Kiyunani na kulichapa mwaka 1526, aliandika mlango "strayte", kwa maana ya mlango uliobana. Naye alibanwa. Mwaka 1536, huko Vilvoorde karibu na Brussels, walimkaba shingo hadi kufa, kisha wakamchoma moto. Kila nikisoma mstari ule kwa Kiingereza nakumbuka kwamba mtu aliyeuandika hakuwa anacheza na maneno.

Karne moja na nusu baadaye akaja John Bunyan, fundi wa kuziba sufuria na masufuria makubwa ya watu, aliyekaa gerezani Bedford miaka 12 kwa kosa la kuhubiri bila kibali. Mwaka 1678 alichapa kitabu chake cha yule msafiri anayetoka Mji wa Uharibifu. Mle ndani, msafiri anaonyeshwa njia nyembamba, anaambiwa imenyooka kadiri rula inavyoweza kuinyoosha. Anauliza, je, hakuna vichochoro vya kunipoteza? Anajibiwa kwamba viko vingi, vimepinda na ni vipana, nawe utaitambua iliyo sahihi kwa kuwa yenyewe tu ndiyo nyoofu na nyembamba. Hapo mnaona mawazo mawili yameanza kulala kitanda kimoja. Wembamba umetoka kwa Mathayo, unyofu umetoka kwingine, na kufikia karne ya 19 watu walikuwa wanasema na kuandika "straight and narrow" bila kukumbuka kwamba kulikuwa na neno jingine.

Mtaniuliza, kwani kuna ubaya? Unyofu nao ni wa heshima, na una maandiko yake. Isaya alilia, "Nyosheni jangwani njia kuu kwa Mungu wetu." Kule Dameski, Paulo alipokuwa kipofu baada ya kuangushwa njiani, alikuwa amelazwa kwenye nyumba iliyo katika njia iitwayo Nyofu. Waislamu waliopo hapa mnaomba kila siku katika Al-Fatiha, tuongoze njia iliyonyooka. Na imepokewa kwamba Mtume alichora mstari mmoja akasema hii ndiyo njia ya Mwenyezi Mungu, kisha akachora mistari mingine kuliani na kushotoni kwake, akasema hizi ni njia, na kwenye kila moja yuko shetani anayeita. Sina neno la kupunguza hapo. Tena masheikh wetu husimulia juu ya Sirati, lile daraja la Siku ya Kiyama, jembamba kuliko unywele. Mnaona kwamba huko nako wembamba haukusahauliwa.

Shida yangu ni hii. Kiingereza kilipobadilisha neno, kilipoteza vitu viwili.

Cha kwanza ni mlango. Mathayo ana mlango na ana njia, na kila kimoja kina sifa yake. Msemo umefuta mlango, sifa zote mbili zikabebeshwa njia. Kwetu hilo lisingewezekana kirahisi. Mlango ni mwembamba, njia ni nyembamba, ngeli zinakataa kuchanganywa. Lakini hilo ni la wapenzi wa sarufi kama mimi, nalipita.

Cha pili ndicho kinachoniuma. Kilichopotea ni mbano. Maana "narrow" peke yake inakueleza upana wa njia, kama fundi anavyopima kwa futi. "Strait" ilikuwa inakueleza unavyojisikia ukiwa ndani. Na Kiyunani cha Mathayo kina nguvu zaidi. Kwenye njia, hakutumia neno la kawaida la wembamba. Alitumia "tethlimmene", kitenzi katika hali ya kutendwa: iliyobanwa, iliyosongwa, iliyominywa. Waingereza walipofika hapo wakaandika "narrow", neno pole.

Wazee waliotengeneza tafsiri yetu ya Muungano hawakuandika njia ni nyembamba. Rudini mkasome. "Njia imesonga." Biblia ya Habari Njema iliyokuja baadaye inasema nyembamba, na msomaji anaelewa upesi, sikatai. Lakini ile ya zamani imegusa mfupa.

Nilisoma mstari huo darasani siku moja, nikauliza imesonga maana yake nini. Kijana wa mbele, hodari sana, akajibu haraka: "Imesonga mbele, mwalimu. Imeendelea." Darasa likakubali. Nikanyamaza kidogo, kwa sababu niliona kile kilichowapata Waingereza kikitaka kutupata na sisi. Siku hizi tunasikia "tusonge mbele" kwenye kila mkutano, mpaka songa imekuwa neno la kuendelea tu. Nikawauliza, nyumbani ugali unapikwaje? Wakacheka: unasongwa. Unasongwaje? Binti mmoja akasimama akaonyesha: ameshika mwiko kwa mikono miwili, mguu mmoja mbele, anaukandamiza unga kwenye ukuta wa sufuria, anaugeuza, anaukandamiza tena, mpaka hakuna punje ya unga mkavu iliyobaki katikati. Nikamwambia yule kijana, sasa fikiria wewe ndiye unga. Hiyo ndiyo njia iendayo uzimani kwa mujibu wa mstari huu. Hakuna aliyecheka tena.

Nawapa na hili, kwa kuwa ni walimu wa lugha na litawafaa. Kile kitenzi cha Kiyunani kina nomino yake, "thlipsis". Mtaikuta katika Yohana 16, pale Yesu anapowaambia wanafunzi wake, na tafsiri yetu inasema, "Ulimwenguni mnayo dhiki, lakini jipeni moyo." Dhiki. Neno tulilolipokea kwa Waarabu, na kwao maana yake ya kwanza ni ufinyu, mahali pembamba pasipo nafasi. Na methali yetu ya baada ya dhiki faraja, hiyo faraja nayo kwa asili ni kufunguka, kupata mwanya. Bibi yako aliposema methali hiyo akikupangusa machozi, alikuwa anakueleza habari ya njia: ilibana, itafunguka. Na ule ugonjwa wa zama hizi ambao Waingereza wanauita "stress", neno lenyewe ni wa ukoo wa "strait", lilimaanisha kubanwa. Sisi tumeliita msongo. Hatukuambizana.

Kwa hiyo tuna maneno mawili, na nataka mwende nayo yote mawili shuleni, msiyaache yakamezana. Unyofu ni wa mtu. Msongo ni wa njia. Mtu anaweza kuwa mnyofu kama uzi wa mwashi, na njia yake ikamsonga mpaka akashindwa kupumua. Na mtu anaweza kupinda bila kusongwa na chochote, kwa tamaa tu. Anayejua neno moja tu, la unyofu, akimwona mwenzake ameyumba atasema amepinda, basi. Hataangalia ni nini kilikuwa kinambana pande zote mbili.

Nilisongwa na mimi. Nilipoanza kazi nilipangiwa shule ya mbali, mshahara ukachelewa miezi miwili, mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado wa kubebwa. Mzazi mmoja alikuja jioni na bahasha. Hakutaka makubwa: niongeze alama za maendeleo za kijana wake, zile za darasani ambazo hakuna atakayekuja kuzikagua. Aliiweka bahasha juu ya meza, chini ya kibatari, akaondoka bila kungoja jibu. Niliitazama muda mrefu. Nawaambieni kweli, wanangu, sikuwaza dhambi. Niliwaza maziwa ya mtoto. Mke wangu alitoka ndani akaiona, akaelewa bila kuuliza. Akasema, "Rudisha. Mihogo ipo." Basi. Asubuhi nikairudisha. Watu walionijua wakati ule wangeniita mnyofu, lakini mimi najua nilivutwa. Kwenye kitabu cha Bunyan, msafiri anapofika kwenye lile lango dogo, mlinzi wa lango hamwachi aingie mwenyewe, anamvuta ndani, kwa sababu kuna wanaowapiga mishale wanaokaribia kuingia. Nilipofika ukurasa ule nilikifunga kitabu kwanza. Mimi mlinzi wangu alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Mtakwenda huko mtasongwa. Bahasha zitakuja, na si kila mara zitakuja kama bahasha. Itakuja kama masomo ya ziada ambayo bila hayo hufundishi vizuri asubuhi. Itakuja kama mtihani uliouona kabla ya wakati. Itakuja kama binti anayekuheshimu sana kuliko inavyofaa, na wewe uko peke yako mbali na kwenu. Sina haja ya kuwapa orodha. Ninachoomba ni kwamba siku hiyo usikae peke yako na kibatari. Tafuta wa kukuvuta. Na mwenzako akisongwa, usiwe wa kwanza kusema tulijua tu kwamba amepinda.

Nimeahidi kumrudia fundi.

Yule mwashi alikuwa ametoka gerezani. Uashi wenyewe alijifunzia ndani. Mtaa wote ulikuwa unajua, na mtaa wote ulikuwa unasema ametulia sasa, ile ile sentensi ya daftari la kidato cha tatu. Alinyooka kuliko mafundi wengi niliowahi kuwaona. Alikuja kabla ya jua, uzi wake ulilia, timazi yake haikuongopa. Lakini kila jioni, kazi ikiisha, mwenye nyumba alitoka na daftari dogo, akafungua stoo, akahesabu mifuko ya saruji mbele yake, kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Vibarua waliokuwa na fundi walikuwa wanaondoka. Yeye alitakiwa asimame pale mpaka hesabu iishe. Chai alipelekewa nje. Siku mtoto wa jirani wa pili alipopotelewa na simu, walikuja kwa fundi kwanza, na simu ilipoonekana chini ya godoro la mwenyewe hakuna aliyerudi kumwambia pole.

Nilikuwa natazama haya yote kutoka barazani, na kalamu nyekundu mkononi, na ndipo nilipouelewa msemo. Tulikuwa tunamwambia nyooka, nyooka, na huku sisi ndio tuliokuwa tunaisonga njia yake. Anatafuta kibarua, anaulizwa cheti cha tabia njema. Anatafuta chumba, mwenye nyumba anakumbuka kwamba chumba kimeshachukuliwa. Njia ile haikuwa nyembamba kwa asili. Sisi tulisimama kulia na kushoto kwake, bega kwa bega, tukamwachia upenyo wa mtu mmoja anayepita upande, kisha tukakaa kumhesabia kama ataangusha kitu. Injili inasema njia imesonga. Haikutuambia tuwe ndio kuta zake.

Siku alipomaliza kazi alikusanya uzi wake, akauzungusha kwenye kipande cha mti, akautia mfukoni. Alikuwa amepata habari ya ujenzi mji mwingine, na huko walitaka barua ya mtu anayemfahamu. Mwenye nyumba alisema ana haraka. Basi fundi akavuka akaja kwangu, akasimama chini ya ngazi, akaniambia, "Mwalimu, shikamoo. Nasikia wewe unaandika vizuri."

Nikachukua karatasi. Nikaandika kwamba nimemwona akifanya kazi kwa miezi mitatu, kwamba anawahi, kwamba kuta zake zimenyooka. Nikamsomea. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaniomba niongeze mstari mmoja chini: kwamba mifuko ya saruji ilihesabiwa kila jioni, na haikupungua hata mmoja.